Unatamani rivolva ya kale? Hagadera ina vitu vya kukusanya bila kukupeleka korokoroni

Kama umewahi kukaa mbele ya PlayStation ya mtaani ukicheza Red Dead Redemption, hiyo hamu unaijua. Bastola ya silinda inayozunguka, mpini wa mbao, chuma kilichopauka kwa miaka mingi. Unajiambia moyoni: siku moja nitakuwa na ya kweli. Si ya kumtisha mtu, ni ya kuweka kabatini tu na kuitazama.

Huko nje kuna watu ambao hiyo ndiyo burudani yao. Wanatafutana, wananunuliana, wanabishana kuhusu nambari iliyochongwa chini ya mtutu, na jioni wanarudi nyumbani na bastola ya mwaka 1890 kama wewe unavyorudi na viatu vya mtumba kutoka Gikomba.

Hapa kwetu hiyo hobi ni ngori. Tena ukitaka kuelewa kwa nini, usiulize Nairobi. Fuata barabara ya Garissa, vuka mto Tana, endelea na mchanga kama kilomita 100 hivi mpaka Dadaab, kisha teremka hadi Hagadera. Huko ndiko utaelewa kwamba bunduki ya kale inaweza kubeba uzito kuliko chuma chake. Huko pia kuna vitu vingine vya zamani ambavyo unaweza kuvikusanya ukalala usingizi wako vizuri.

Chuma chenyewe kilitoka wapi

Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya rivolva yake mwaka 1836. Kabla ya hapo bastola ya kawaida ilikuwa inapiga mara moja, kisha unaanza kujaza baruti upya huku adui anakukimbilia. Silinda inayozunguka ilibadilisha hesabu hiyo.

Iliyofika sana Afrika Mashariki ni Webley, kutoka Birmingham, Uingereza. Jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1887, na toleo la sita likaja 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Inabeba risasi sita, ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na ukiikunja katikati maganda yote yanaruka nje kwa mara moja. Hizo ndizo zilizoning'inia viunoni mwa maafisa wa Kizungu wa King's African Rifles, kikosi ambacho babu za wengi wetu walikibebea mizigo hadi wakafa njiani.

Upande wa Pembe ya Afrika biashara ya silaha ilikuwa kubwa hata zaidi. Mfaransa Arthur Rimbaud, ambaye wasomi wanamjua kama mshairi, aliacha mashairi akiwa kijana na miaka ya 1886 na 1887 akapeleka msafara wa bunduki kuukuu kutoka Tadjoura, Djibouti ya leo, hadi kwa Menelik wa Shewa. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yakatia sahihi mkataba wa Brussels wa kuzuia silaha za kisasa zisiuzwe Afrika. Chache sana zilizuiwa. Sayyid Mohammed Abdullah Hassan na Madervishi wake walipigana na Waingereza, Waitaliano na Waethiopia tangu 1899, na hawakushindwa mpaka 1920 ndege zilipoletwa kuwapiga mabomu.

Kwa hivyo, ndiyo, historia ipo. Shida ni kuishika mkononi.

Sheria haiangalii umri wa hamu yako

Marekani, sheria yao ya mwaka 1968 inasema bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale, na serikali kuu haiichukulii kama silaha ya kawaida. Iliyofikisha miaka 50 inaweza kuitwa kumbukumbu, na mkusanyaji hulipa dola 30 kupata leseni ya miaka mitatu. Uingereza nako, kanuni za 2021 zinataka iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na risasi zake ziwe za aina iliyo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati.

Kenya tunayo Sheria ya Bunduki, Sura 114. Msingi wake ni mfupi: huruhusiwi kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti hicho hutolewa kupitia Bodi ya Leseni za Bunduki. Soma hayo maneno matatu tena. Umenunua kwa mwenzako anayependa vitu vya kale? Ni kununua. Rafiki amekupa bure? Ni kupata. Umeikuta kwenye sanduku la marehemu babu ukaamua kuiacha hapo hapo? Ni kuwa nayo. Na yule aliyekuuzia, kama naye hana cheti, mtakaa benchi moja mahakamani.

Hata wenye vibali hawalali. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye bunduki halali wakahakikiwe upya. Na usidhani ile ya plastiki inayofanana na ya kweli ni mchezo: kila baada ya muda unasikia kijana amenaswa na bastola bandia, na kesi yake haichekeshi.

Zinazonaswa hazipelekwi kwenye makumbusho. Novemba 2016 zaidi ya bunduki 5,000 zilichomwa moto Ngong, na Juni 2021 nyingine zaidi ya 5,000 zikaharibiwa huko huko. Kama ndani ya ule moto kulikuwa na Webley ya 1915, imeenda na moshi.

Ukikuta moja kwenye boma la kwenu, usiibebe kwenye mkoba kuipeleka kituoni. Iache ilipo, kaarifu polisi au chifu, waje wenyewe.

Kwa nini Kaskazini Mashariki hawatanii na bunduki

Kijana wa Garissa akikuambia hataki hata kuongea juu ya bastola, usidhani ni mwoga. Amesimuliwa mambo.

Desemba 28, 1963, Kenya ikiwa huru kwa wiki mbili tu, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo lililoitwa NFD. Vita vya Shifta viliendelea hadi 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka mwaka 1991. Hesabu: ni miaka 28. Kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto, na wakati huo wote kupatikana na silaha kulikuwa na maana nyingine kabisa kwao kuliko kwa mtu wa Nakuru.

Februari 1984, katika Wajir, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Operesheni hiyo ilianza kama msako wa silaha. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura wanazungumza juu ya mamia, wengine maelfu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaweka hayo kwenye maandishi.

Sasa njoo Hagadera yenyewe. Kambi hii ilifunguliwa 1992, mwaka mmoja baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Mogadishu. Iko upande wa Fafi, na pamoja na Ifo na Dagahaley ndizo zinaunda Dadaab. Ukame wa 2011 ulipokuja, idadi ya watu Dadaab ilikaribia nusu milioni, mahali palipopangwa kwa watu 90,000.

Waliokimbilia hapa walikuwa wanaikimbia bunduki. Halafu kila shambulio likitokea Kenya, kidole kilielekezwa kwao. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na siku chache baadaye Umoja wa Mataifa ukapewa miezi mitatu kuifunga Dadaab. Mei 2016 serikali ikatangaza tena kwamba inaifunga. Ni Mahakama Kuu iliyosema hapana, Februari 2017.

Ndiyo maana bastola moja yenye kutu, ikipatikana kwenye kibanda kimoja cha Hagadera, haiwezi kuwa mapambo. Anayeiweka anacheza na maisha ya jirani zake wote, na hata mtoto wa kidato cha pili mtaa wa pili anaweza kulipia.

Basi kusanya pesa zilizokufa

Kuna kitu ambacho mtu aliyekimbia Kismayo au Baidoa angeweza kubeba bila kuvunja sheria ya nchi yoyote: pesa. Nyingi ya hizo hazinunui hata biskuti leo. Kwa mkusanyaji, hapo ndipo mambo yanaanza kunoga, maana historia ya Somalia yote imeandikwa kwenye pesa zake.

Anza na reale ya Maria Theresa. Ni sarafu kubwa ya fedha ya Austria, yenye sura ya malkia mnene na tarehe 1780. Ilizunguka Ethiopia, Somalia, Uarabuni hadi pwani yetu. Bunduki na kahawa za Pembe ya Afrika zililipiwa kwa hiyo. Lakini angalia mtego: Maria Theresa alikufa mwaka huo wa 1780, na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, kisha Roma na London miaka ya 1930, hata Bombay wakati wa Vita vya Pili. Kwa hivyo mtu akikuambia ana sarafu ya miaka zaidi ya 240, tabasamu tu. Huenda ni ya rika la nyanya yako.

Halafu kuna za Waitaliano. Besa za shaba zilianza 1909, zenye sura ya Mfalme Vittorio Emanuele III. Besa 100 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1925 wakaleta lira za fedha. Waingereza walipoiteka Mogadishu mwaka 1941 waliingiza shilingi ya Afrika Mashariki, ile ile iliyotumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, yenye simba na milima nyuma. Fikiria: kulikuwa na wakati ambapo mtu wa Mogadishu na mtu wa Mombasa walikuwa na pesa moja mfukoni.

Mwaka 1950 Waitaliano walirudi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa wakaleta somalo, yenye tembo kwenye sarafu ndogo za shaba. Uhuru ulikuja 1960, na noti za 1962 bado zina jina la benki kwa Kiitaliano, Banca Nazionale Somala. Mwaka 1972 Kisomali kikapata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, na noti za 1975 zinasema Bankiga Qaranka Soomaaliyeed. Ziweke hizo mbili kando kwa kando mezani: unaona lugha ikiingia kwenye pesa zake yenyewe.

Mwisho ni noti ya shilingi 1,000, ya 1990 na 1996, yenye wanawake wakisuka. Benki kuu ilianguka 1991. Hakuna aliyebaki wa kuchapisha, hivyo wababe wa vita na wafanyabiashara wakachapisha zao nje ya nchi. Shirika la Fedha Duniani lilikadiria kwamba asilimia 98 hivi ya noti za Kisomali mitaani zilikuwa bandia. Na watu waliendelea kuzitumia, kwa sababu muuza maziwa alikubali na muuza mkate alikubali.

Linganisha na hii: tangu 2004 kiwanda cha serikali ya Bavaria, Ujerumani, kinapiga sarafu za fedha zenye picha ya tembo na jina la Somalia, na matajiri wanaziagiza kutoka kila pembe ya dunia. Hizo hazijawahi kununua kikombe cha shaah.

Namna ya kununua kwa mwenzako

Tuseme umepata mtu. Kwanza, adabu. Mzee wa Kisomali mwite adeer, mama mwite eeddo, rika lako walaal. Lile neno la "warya" unalolisikia Eastleigh usimrushie mtu mzima, utafunga duka kabla halijafunguliwa.

Pili, usafiri. Kuingia kambini kama mgeni kunahitaji idhini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, na mkimbizi naye hatoki bila kibali cha safari. Kwa hivyo usimwambie muuzaji "kuja tu Nairobi tuonane". Huenda huo ndio mtego utakaomtia ndani. Kama una jamaa Garissa mjini au mfanyabiashara mwenye kibali, mtumie huyo, mkutane dukani mchana, mbele za watu.

Tatu, kagua. Reale halisi ina gramu 28 na nukta kidogo, na kwenye ukingo ina maandishi yaliyoinuka kwa Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Ukingo ukiwa laini kama wa kifuniko cha soda, rudisha. Sumaku haivuti fedha. Ikivuta, asante na kwaheri. Mizani ndogo ya sonara itakuokoa mara nyingi. Fedha ndani yake ni asilimia 83.3, yaani gramu 23 na kitu, kwa hivyo bei ya fedha siku hiyo ndiyo sakafu yako. Muuzaji akishuka chini ya hapo, jiulize ana shida gani. Kama ni karo ya mtoto au dawa, mlipe haki yake. Bei ya dhiki haikufanyi mjanja.

Nne, usisugue. Najua mkono unawasha. Dawa ya meno, limau, majivu, vyote hivyo vinang'arisha sarafu na kuua thamani yake. Ule weusi ni ngozi yake. Noti nazo usizipige pasi wala kuzibandika na selotepu; zitie kwenye karatasi ya plastiki safi, mbali na jua na mchwa.

Tano, uliza ilikotoka na uandike. Nani aliibeba, kutoka mji gani, mwaka gani, ilikuwa imefungwa ndani ya nini. Bila hayo una kipande cha shaba. Ukiwa nayo una besa iliyotoka Baidoa ndani ya mkebe wa maziwa. Lakini omba ruhusa. Kuna watu ambao ile safari hawataki kuikumbuka, na kama adeer akinyamaza, badilisha mazungumzo. Majina yaandike ikiwa tu mwenyewe amekubali.

Mipaka ya hobi hii pia

Usidhani kwa sababu haitoi risasi basi haina sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kama kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na huwezi kukitoa nchini bila kibali. Kwa hivyo ile pesa ya shaba ya 1888 iliyoandikwa MOMBASA, ya kampuni ya Imperial British East Africa, ukiipata inunue, itunze, lakini usiitie kwenye bahasha kumpelekea mnunuzi wa London aliyekupata mtandaoni.

Mfano wa kufuata tunao. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alifanya kazi katika utawala wa Somalia miaka ya 1940 kabla ya kurudi kwenye siasa. Alikusanya vitabu, stempu, nguo, vinyago, maisha yake yote. Angeweza kuuza nje akatajirika. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake leo iko Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, pale pale unapopita kila siku ukikimbilia matatu. Ingia siku moja, uone mkusanyiko wa mtu mmoja unaweza kufika wapi.

Na kama Hagadera ni mbali na doo ni chache, anza nyumbani. Muulize nyanya kama kuna mkebe wa vifungo. Tafuta senti kumi yenye tundu katikati, ya mwaka 1936, na usome jina lililozunguka tundu. Ukikuta EDWARDVS VIII, hiyo ni ya mfalme aliyeacha kiti mwaka huo huo kabla hajavikwa taji. Waingereza wenyewe kwao hawakuwahi kutumia sarafu zenye jina lake madukani, sisi tulizitumia kununulia chumvi. Si ghali, si haramu, na inaingia kwenye mfuko wa shati. Iandikie kikaratasi: imetoka kwa nani, lini, wapi. Hiyo ni nambari moja ya mkusanyiko wako.